Folio Moja

Masjala yetu ina dirisha moja. Dirisha hilo lina nondo, juu ya nondo kuna wavu, na mbele ya wavu limesimamishwa kabati la chuma lililojaa majalada ya watumishi waliokwisha kufa. Mlango nao ni wa chuma, na kanuni inasema ukiingia unajifungia kwa ndani. Kwa hiyo kwa miaka sita, kuanzia saa moja na nusu asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, nilikuwa nimefungiwa na mzee mmoja, feni moja isiyozunguka na karatasi za watu. Silalamiki. Basi, nalalamika, lakini nataka ujue hali ilivyokuwa kabla sijakusimulia ujinga wangu.

Naitwa Bupe. Kwetu ni Tukuyu, kwenye mvua na migomba, ila ajira ilinileta Dodoma kwenye upepo na vumbi, katika taasisi moja ya serikali ambayo sitaitaja. Kazi yangu ni kutunza kumbukumbu. Mimi ndiye yule mtu unayemlaani kimoyomoyo ukiambiwa faili lako halionekani, njoo kesho. Ila kwetu hakuna faili lililowahi kupotea, na sababu yake ni Mzee Elisante.

Mzee Elisante alikuwa msimamizi wa masjala kwa miaka thelathini na minne. Mfupi, miwani imefungwa uzi, sweta la kijivu hata Novemba jua linapowaka. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo hakuna aliyemfundisha na hakuna aliyeweza kumwachisha. Kila barua iliyoingia aliisoma namba kwa sauti, polepole, nami naandika kwenye rejista. Jalada gani, la wazi au la siri, folio ya ngapi. Folio ni namba ya karatasi ndani ya jalada. Ya kwanza kuingia ndiyo folio moja, na kuendelea. Alisema mkono ukiandika bila sikio kusikia unakosea. Akishasoma anagonga muhuri: kwenye pedi ya wino, kwenye karatasi, kwenye pedi, kwenye karatasi, halafu anachelewa kidogo kwa sababu analamba kidole afungue ukurasa, halafu anagonga tena. Wiki ya kwanza niliumwa kichwa. Mwezi wa pili nikajikuta natikisa mguu chini ya meza.

Hapo ndipo penye ile habari nyingine, ambayo ofisini hakuna aliyeijua. Mimi ni Zabibu Kavu. Usijisumbue, hulijui jina hilo. Ndilo ninalotumia kutoa muziki wa haus na tekno, muziki usio na mwimbaji, dundo moja tu linakwenda dakika saba, nane, na vitu vidogovidogo vinaingia na kutoka juu yake. Ukimwambia mtu wa huku kwamba unatengeneza muziki anakuuliza unaimba nini. Siimbi kitu. Nimepanga chumba Miyuji, na kila Jumamosi mchana nakaa kitandani na kompyuta mapajani, vipokea sauti masikioni, bati linalia kwa joto. Mama mwenye nyumba anaamini nasoma shahada ya pili kwa njia ya mtandao, na kila mwaka ananiuliza nitamaliza lini.

Kazi zangu zilikuwa zinatolewa na lebo ndogo ya muziki ya Leipzig, Ujerumani, ya watu wawili, na mmoja wao ndiye niliyekuwa naandikiana naye. Walishatoa kazi zangu mbili. Wasikilizaji wake wangeenea kwenye ukumbi wa shule, na niliamini kabisa kwamba hakuna hata mmoja anayekaa Dodoma. Kwa kazi ya tatu nilitaka kitu changu mwenyewe, siyo ngoma za kununua mtandaoni. Nikafikiria ni sauti gani ninayoijua kuliko mtu yeyote duniani. Jibu lilikuwa limekaa mbele yangu limevaa sweta la kijivu.

Simu za mkononi haziruhusiwi masjala. Nje ya mlango kuna boksi la mbao, kila anayeingia anaacha simu humo, na Mzee Elisante alilikagua kila asubuhi yeye mwenyewe. Mimi niliacha simu yangu bila ubishi. Ila nilikuwa na simu nyingine ya zamani, na nilikuwa na hotpoti ya ngazi mbili. Ngazi ya chini ugali, ngazi ya juu simu inarekodi. Kwa wiki tatu hotpoti yangu ilikaa juu ya meza, hatua moja kutoka kwenye muhuri, kifuniko kikiwa wazi kidogo. Mzee aliwahi kuniuliza kwa nini siiweki chini kabatini kama zamani. Nikamwambia panya.

Ikatoka kazi ya nyimbo tatu, nikaiita *Njoo Kesho*. Muhuri ndio ulikuwa dundo. Droo la chuma likifunguka ndilo lilikuwa ile sauti nyembamba inayopumua kati ya dundo na dundo, na kule kuchelewa kwa mzee kulamba kidole kuliufanya mdundo wote uyumbe vizuri, jambo ambalo nisingeliweza kulitengeneza hata ningekaa mwaka. Sauti yake niliikatakata. Hilo nililifanya kwa makusudi, kwa sababu namba za majalada ni namba za watu: niliacha "mia", niliacha "na", niliacha "siri" peke yake ikirudiwa. Wajerumani walifurahi. Kisha yule ninayeandikiana naye akaomba wimbo wa kwanza niurefushe kwa ajili ya santuri, uwe wa dakika tisa. Nikaurefusha kwa Jumamosi moja. Na kwenye dakika ya sita, dundo linapokatika na kubaki patupu, niliweka sauti ya mzee nzima, bila kuikata, mara nne: "Jalada binafsi namba mia nne na kumi na mbili. Siri. Folio moja."

Utaniuliza nilikuwa nafikiria nini. Sikuwa nafikiria. Nilikuwa nimesikia namba zikisomwa miaka sita, mpaka kwangu zilikuwa zimeacha kuwa namba. Nilisikia tu sauti nzito ya mzee inavyoshuka kwenye "moja". Mtu wa kazi nyingine angestuka, angeuliza hii mia nne na kumi na mbili ni ya nani. Mimi wa masjala, niliyeiandika kwenye rejista kwa mkono wangu, sikustuka.

Mia nne na kumi na mbili ni ya Batholomeo.

Batholomeo ni mhasibu wetu, mtu wa Kongwa, ana ng'ombe wengi na sauti inayowatosha wote. Ana kijana wake chuo kikuu. Jumapili moja ya Agosti walikuwa wanakwenda Kongwa kuangalia mifugo, kijana akaomba aunganishe simu yake na redio ya gari, na huko ndiko ulikofika wimbo wangu wa dakika tisa. Sijui uliipataje njia. Ninachojua ni kwamba kila mtumishi wa serikali anaijua namba ya jalada lake kama anavyoijua tarehe yake ya kuzaliwa, kwa sababu ameiandika kwenye kila ombi la likizo na kila ombi la mkopo. Batholomeo akaisikia namba yake inasomwa barabarani. Baada ya namba akasikia "siri". Baada ya siri, "folio moja". Maana yake ni kwamba limefunguliwa jalada la siri juu yake, na karatasi ya kwanza imeshaingia. Mtu hatakiwi kujua jambo kama hilo mpaka aitwe.

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa kwenye kidirisha cha wavu kilichokatwa mlangoni, cha kupokelea barua.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Mwite Elisante."

Mzee akaja, akifuta miwani. Batholomeo hakumsalimia. Aliinua simu akaibandika kwenye wavu na kuiwasha, na masjala ikajaa mdundo. Nitasema ukweli hata kama unaniaibisha: kwa sekunde tatu za kwanza nilifurahi. Sikuwahi kusikia wimbo wangu ukitoka kwenye simu ya mtu mwingine. Kisha dundo likakatika, sauti ikaanza kusoma namba.

Mzee Elisante alisikiliza mara zote nne, kichwa ameinamisha upande.

"Hiyo ni sauti yangu," akasema.

"Najua ni sauti yako! Uliisomea wapi?"

"Hapa. Nasomea hapahapa siku zote."

"Nani alikuwepo?"

"Mimi na Bupe." Batholomeo akanigeuzia macho, lakini mzee akamuwahi. "Bupe hana simu humu. Simu yake imo kwenye boksi, nakagua mwenyewe. Huyu binti usimtie kwenye mambo haya."

Hotpoti ilikuwa juu ya meza. Siku ile haikuwa na simu ndani, ilikuwa na wali na maharage tu, lakini sikuweza kuigusa mpaka jioni.

Ikaundwa kamati ya watu watatu. Waliniita dakika kumi. Wakaniuliza kama nimewahi kumwona mzee akisoma namba kwa simu ya mezani, nikasema watu hupiga kuulizia barua zao na yeye huwajibu. Hilo lilikuwa kweli kabisa, na nililisema kwa sauti ya mtu mkweli. Wakaliandika. Nilipotoka nje nikaelewa nilichowapa: walitaka kujua sauti ilitokaje chumba kisichoruhusiwa simu za mkononi, nami nimewathibitishia ile ya mezani. Wakahitimisha kuwa mzee alimsomea mtu namba ya siri kwenye waya, mtu huyo akairekodi, na wahuni wakaifanyia muziki. Mzee akaandikiwa barua ya kujieleza, siku kumi na nne. Maelezo yasiporidhisha, anafukuzwa kazi. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu.

Nikajipiga moyo konde nikapanda kwa Mama Debora, mkurugenzi wa utawala. Nilikuwa nimeyapanga maneno kuanzia ngazi ya kwanza mpaka ya mwisho. Nikaingia, nikaamkia, nikafungua mdomo.

"Afadhali umekuja," akasema, bila kuinua macho kwenye kompyuta. "Nilikuwa natuma mtu akuite. Elisante hawezi kuendelea kushika ufunguo wa kabati la siri, hilo unalielewa. Utashika wewe. Na ujiandae, akiondoka wewe ndiye utakayekaimu."

Akasukuma ufunguo juu ya meza, una kamba nyeusi ya kuvaa shingoni.

"Mama, mimi nilikuwa na jambo la kusema."

"La kusema, Bupe, au la kuandika? Maana ya kusema nimechoka nayo. Tangu Jumatatu kila mtu anakuja kunisemea hapa. Kama ni la kikazi leta kwa maandishi, lipitie kwa msimamizi wako, liingie kwenye jalada. Haya, kazi njema."

Nikauvaa ufunguo nikashuka. Ningeweza kusema, mlango ulikuwa wazi na masikio yake yalikuwepo. Nilishukuru kwamba amenikatiza, huo ndio ukweli.

Tangu siku hiyo Mzee Elisante aliacha kusoma kwa sauti. Barua ikiingia anaitazama, anaisogeza upande wangu kwa kidole kimoja, ananionyesha namba kwa ncha ya kalamu. Muhuri aliugonga kwa woga, mara moja, kimya, mara moja, kimya. Nilikosea mara tatu kwenye rejista wiki hiyo. Yeye hakunisahihisha hata mara moja, na zamani angenisema mpaka saa sita. Kila alipohitaji jalada la siri alisimama kando ya kabati akingoja niinamishe shingo nimfungulie, mtu mwenye umri wa baba yangu. Nilitamani anitukane.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Nilimwandikia Mjerumani nikamwomba auondoe ule wimbo mrefu. Akajibu upesi, mtu mwema, kwamba mtandaoni ataufuta nikitaka, lakini santuri zimeshachapwa na kusafirishwa, na wanaonunua wananunua kwa ajili ya wimbo huohuo. Wote wanauliza habari za ile sauti. Walikuwa na tamasha mwezi wa kumi, walitaka kunialika, walitaka jina langu halisi na picha, na je, naweza kutengeneza kazi ya nne kwa sauti hiyohiyo? Kwa miaka sita nilikuwa nasubiri mtu aniulize jina langu halisi. Nikafunga kompyuta. Nikijitaja kule naumbuka huku, nisipojitaja kule nabaki mwenye ufunguo huku. Kila mlango nilioutazama nilikuwa nimejifungia mwenyewe kwa ndani.

Jumapili nikaenda Chamwino, ambako mzee alikuwa amejenga. Nilijiambia nitamweleza nyumbani kwake, mbele ya mke wake, itakuwa rahisi. Mzee hakuwepo, alikuwa shambani kwenye zabibu zake. Mke wake, Mama Generosa, alinikaribisha kama mtoto wa nyumba, akanipakulia ugali wa uwele na mlenda, akakaa mbele yangu.

"Mwanangu, nikuulize wewe unayekaa naye kutwa. Kweli huyu mzee alimsomea mtu kitu kwenye simu?"

"Hapana, mama."

"Na mimi ndivyo ninavyosema. Lakini basi ilitokaje?"

Nikatia tonge mdomoni ili nisijibu.

"Huyu bwana," akaendelea, "miaka yote ananichosha. Bili ya maji anaisoma kwa sauti. Kopo la dawa ya zabibu, kwa sauti. Kanisani tangazo la ndoa likisomwa anarudia chinichini, mpaka watu wanatugeukia. Sasa hivi hasomi. Juzi nimempa karatasi yangu ya hospitali anisomee tarehe ya kurudi, akanirudishia, eti nimtafute mtoto wa jirani. Mimi sijali hizo kazi zao, Bupe. Nataka mume wangu asome."

Nilimsaidia kuosha vyombo. Nikaondoka mzee hajarudi, na sikumngoja. Njiani nililia, siyo kwa huruma tu; nililia kwa hasira pia, kwamba nimefanya kitu kizuri, kizuri kweli, na kitu hicho kimemnyamazisha mtu aliyekifanya kiwe kizuri.

Siku ya kumi na tatu niliandika barua. Serikalini mtumishi hamwandikii mkurugenzi moja kwa moja. Juu unaandika anakopelekewa, chini yake unaandika "K.K.", kupitia kwa msimamizi wako, naye anaipokea, anaigonga muhuri, anaweka maoni na sahihi, ndipo inapanda. Msimamizi wangu alikuwa Mzee Elisante. Kichwa cha barua kilikuwa "YAH: KUREKODI SAUTI NDANI YA MASJALA BILA KIBALI". Niliandika yote: hotpoti, simu, Zabibu Kavu, dakika ya sita. Ilikuwa ukurasa mmoja na robo. Saa nane mchana, mlango umefungwa kwa ndani kama kawaida, nikaiweka mbele yake.

Aliisoma kimya, midomo haisogei. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akaisoma tena. Upepo ulikuwa unapiga bati za nje, nami nilikuwa nimesimama kama mwanafunzi aliyeletwa kwa mwalimu mkuu.

"Kumbe panya," akasema.

"Nisamehe, mzee."

Alivua miwani, akaifuta kwa sweta, akaivaa. "Nilikaa usiku na mchana nikijiuliza nilizungumza na nani. Nilifika mahali nikaamini kweli nimezungumza na mtu nikasahau. Mke wangu akaniambia labda ni uzee. Unajua hiyo inamfanyaje mtu?"

"Hapana, mzee."

"Hujui." Akaweka kidole juu ya barua. "Miaka thelathini na minne sijapoteza karatasi. Hata moja. Sasa nisikilize. Hii haijagongwa muhuri. Karatasi isiyogongwa muhuri siyo barua, ni karatasi tu. Ukiichukua saa hii, mimi sijaona kitu. Kesho nitapeleka maelezo yangu, watafanya wanachofanya, nitakwenda kulima zabibu. Wewe bado kijana, una kazi, na hayo mambo yako ya Ulaya. Ikishagongwa hairudi. Unanifahamu?"

Akaondoa kidole. Barua ikabaki katikati ya meza.

Nilitaka kuichukua. Sitajipamba hapa. Nilimwona baba yangu Tukuyu akiwaambia watu kanisani kwamba binti yake yuko serikalini, nikaona kodi ya chumba, nikaona unga wangu wote unamwagika, na mkono wangu ulisogea. Ulifika kwenye ukingo wa karatasi. Vidole viliigusa.

Kando ya pedi ya wino kulikuwa na karatasi yake yeye, maelezo yake ya kesho. Nilikuwa nadhani ameandika kurasa, kwa jinsi alivyokuwa ameinamia meza siku zote zile. Ilikuwa na mistari miwili, kwa ule mwandiko wake ulionyooka: "Sauti ni yangu. Mengine siyajui."

"Ipokee, mzee," nikasema.

"Una hakika?"

"Sina. Ipokee hivyohivyo."

Alinitazama. Sikuona huruma usoni kwake, na nilishukuru kwamba haikuwepo. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Ufunguo."

Niliinamisha shingo nikaivua ile kamba nyeusi, nikamwekea kiganjani. Akaenda kwenye kabati la siri, akalifungua mwenyewe, akatoa ganda jipya la jalada, jekundu, halijaandikwa kitu. Akarudi akaketi. Akaandika juu ya ganda, akakausha wino kwa karatasi ya kunyonyea, akavuta muhuri.

Pedi, karatasi. Pedi, karatasi. Kwenye ukurasa wa pili alichelewa kidogo, akalamba kidole, akafungua. Karatasi.

"Ule wimbo nimeusikia tena, kwa Batholomeo kwenye kamati," akasema, bila kuniangalia. "Wote mpaka mwisho. Ungeikata ile namba, wimbo ungekuwa hauna kosa lolote."

Sikujua kama ananisema au ananisifu. Nilikaa kwenye kiti changu, kwa sababu barua ikishagongwa lazima iingie kwenye rejista, na anayeandika rejista ni mimi. Niliifungua. Nikaweka tarehe. Nikashika kalamu nikangoja anionyeshe namba kwa ncha ya kalamu yake, kama alivyokuwa akifanya kwa wiki mbili.

Mzee Elisante alikohoa, akasafisha koo. Kisha akasoma, polepole, kwa sauti yote, akiacha nafasi baada ya kila neno ili mkono wangu ufike.

"Jalada binafsi namba mia tano thelathini na moja."

Ni namba yangu. Niliiandika.

"Siri," akasema. "Folio moja."